Maji Yaliyo Mlangoni Petu



Wapenzi wasomaji, juma hili binti mmoja wa Mkokoni alituletea swali ambalo hatukulitarajia. Aliona katika simu ya kaka yake picha ya mwanamke aliyejistiri nywele na mwili, akikimbia mbele ya umati wa watu na namba ya mashindano imo maungoni mwake. Akatuuliza: huyu amewezaje, na je, yafaa? Tulilizungumza swali hilo barazani jioni mbili, na leo tunalileta kwenu.

Mwanamke huyo ni Shirin Gerami, mzaliwa wa Iran aliyesoma katika Chuo Kikuu cha Durham, Uingereza. Hakuwa mwanamichezo wa kulipwa. Akiwa mwanafunzi ndipo alipoingia katika triathloni, yaani mashindano ambayo mtu huogelea, akitoka majini hupanda baiskeli, na akishuka baiskelini hukimbia, pasi na mapumziko. Kipimo cha Olimpiki ni kilomita 1.5 za kuogelea, 40 za baiskeli na 10 za mbio. Mwezi wa Septemba 2013 aliyamaliza hayo yote mjini London, akaanzia katika ziwa la bustani ya Hyde Park, na kwa kufika mwisho akawa mwanamke wa kwanza kuiwakilisha Iran katika mashindano ya dunia ya mchezo huo. Mwaka 2016 akamaliza na yale ya Hawaii, ambayo ni kilomita 3.8 majini, 180 za baiskeli na 42.2 za mbio, zote kwa siku moja.

Lakini kilichotushughulisha sisi si hesabu ya kilomita. Ni yale yaliyotangulia. Iran haikuwa imewahi kumpeleka mwanamke katika mashindano hayo, basi ilimlazimu aombe ruhusa, na ruhusa ikachelewa hata ikamfikia zikiwa zimesalia siku chache tu. Ilibidi pia apate vazi ambalo wakuu wa michezo nchini mwake wataliridhia na waamuzi wa mashindano hawatalikataa: lifunike nywele na mwili, lisizuie pumzi, lisinaswe na mnyororo wa baiskeli. Nasi tuliowahi kushikwa na pindo la buibui katika gurudumu la pikipiki twalifahamu hilo bila kuelezwa. Tena katika triathloni saa haisimami mtu anapobadilisha nguo. Kila dakika aliyoitumia kujistiri ilihesabiwa katika muda wake, naye akaikubali hesabu hiyo.

Barazani hatukuafikiana sote. Mama mmoja alisema mwanamke wa Kiislamu hana haja ya kukimbia mbele ya halaiki, hata akijifunika vipi. Hatumlaumu kwa rai yake, na suala la kushindana mbele ya wanaume tunawaachia masheikh wetu walijibu. Ila mama mwingine alikumbusha kwamba mbio zenyewe si jambo geni katika dini yetu. Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alishindana mbio na Mtume, rehema na amani zimshukie, wakiwa safarini. Mara ya kwanza Bibi Aisha alimtangulia, na baadaye, mwili wake ulipokuwa umeongezeka, Mtume akamtangulia yeye. Hadithi hiyo imo katika mkusanyo wa Abu Dawud. Baraza zima lilicheka kwa hilo la mwili kuongezeka, maana karibu kila mmoja wetu alijiona.

Kisha kicheko kikakatika, kwa sababu yule binti aliuliza swali la pili: nani hapa ajua kuogelea?

Sisi watu wa Mkokoni bahari iko mlangoni petu. Kiwayu twaiona ng'ambo. Twavuka kwa mashua kwenda harusini, matangani na kumwona mgonjwa, wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, na watoto tumewapakata. Hata hivyo kati ya wote tuliokuwapo, ni mama mmoja tu, mkubwa wetu kwa umri, aliyeweza kusema ajua. Babake alimfundisha alipokuwa mdogo. Alipovunja ungo akakatazwa maji, na tangu hapo hajaogelea. Wavulana wetu hujifunza wenyewe kwa kujirusha kutoka mashuani. Wasichana huitwa nyumbani katika umri uleule ambao wangeanza kuwa hodari. Na chombo kikipinduka, buibui na leso zilizolowa huwa nzito, huzingira miguu, na mvuto wake ni wa chini.

Huu si msiba usio na dawa. Nungwi, kaskazini ya Unguja, mradi wa Panje umekuwa ukiwafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa nguo ndefu za kuogelea zinazositiri mwili mzima, na miongoni mwa waliofundishwa wamo waliokuja kuwafundisha wenzao. Vazi la namna hiyo lilibuniwa mwaka 2004 na Aheda Zanetti, Mwislamu mzaliwa wa Lebanoni aishiye Australia, nalo likaitwa burkini. Bei yake kwetu ni kubwa, lakini siri yake ni kitambaa: ni kile kisichonyonya maji kama pamba.

Tumekubaliana hivi. Asubuhi za maji mafu, mkondo unapokuwa mpole na wanaume wamekwenda kuvua, wasichana wataingia katika maji ya kiunoni nyuma ya mikoko, na mama yetu mkubwa atakuwa mwalimu. Mama wawili watakaa ufukweni kuangalia watoto na kuangalia njia. Mwenye cherehani amejitolea kushona suruali na kanzu fupi, na anaomba yeyote miongoni mwenu, wa Faza, Kizingitini au Lamu, aliyewahi kushona vazi la majini atuandikie ni kitambaa gani kilichomfaa na alikipata wapi.

Binti yetu akataka kujua na baiskeli itaanza lini. Tulimwambia autazame kwanza mchanga wa Mkokoni.