Msituambie Tutulie

Kuna neno moja ambalo ningekuwa na uwezo ningelipiga marufuku kutoka Rongai hadi Ruiru. Neno lenyewe ni "tulia." Uko na gitaa mkononi, watu ishirini wamekukodolea macho, vidole vimekuwa baridi kama mabati ya asubuhi, moyo unapiga kama isukuti, na lazima atokee mtu mmoja mwenye roho safi akuguse bega: "Tulia bana, jiamini tu." Anadhani amekusaidia, kumbe amekuongezea kazi. Mwanzo ulikuwa na wimbo wa kupiga. Sasa una wimbo wa kupiga, woga wa kuficha, na aibu ya kushindwa kutulia.

Mimi niliambiwa hivyo kidato cha nne, mlangoni mwa chumba cha mtihani wa muziki wa vitendo. Ndani kulikuwa na meza, karatasi, kalamu, na mtahini ambaye sijawahi kumwona tena. Kipande chenyewe nilikuwa nimekipiga miezi sita bwenini, mpaka wenzangu wakawa wanakinong'oneza wakipiga mswaki. Nilifika mstari wa pili, mguu uliobeba gitaa ukaanza kutetemeka, gitaa nalo likatetemeka. Nikasimama. Nikaanza upya. Nikakwama pale pale. Mtahini hakunidharau, hakucheka. Aliandika tu. Ile kalamu naisikia mpaka leo.

Hiyo si hadithi kubwa, najua. Kinachoniuma ni kilichofuata. Kwa miaka minne sikumpigia mtu yeyote gitaa. Nilipiga peke yangu, mlango umefungwa, sauti chini. Halafu babu akafariki. Dani akanipigia simu kutoka Siaya, akaniomba nije na gitaa nimpigie mzee wimbo mmoja wa benga aliokuwa anaupenda, kabla hajazikwa. Nikamwambia gitaa limevunjika. Wakati huo lilikuwa limening'inia ukutani mbele ya macho yangu, nyuzi zote sita.

Kwa hivyo ukiniambia woga wa jukwaa ni kitu kidogo, ati ni mambo ya kujiamini, nitakubishia. Huo woga ulinifanya nimdanganye nyanya yangu kwenye matanga ya mume wake.

Nianze na uongo wa kwanza tunaolishwa: kwamba anayeogopa hajajiandaa, ama hana kipaji. Vladimir Horowitz, mmoja wa wapiga piano wakubwa wa karne iliyopita, aliondoka jukwaani mwaka 1953 akakaa miaka 12 bila kupiga mbele ya hadhira. Aliporudi Carnegie Hall, New York, mwaka 1965, alianza Bach kwa noti za makosa, kweupe, mbele ya ukumbi uliojaa. Akaendelea. Onyesho lile linakumbukwa kama moja ya marejeo makuu ya muziki wa piano. Na mwaka 1987, uchunguzi kati ya wanamuziki wa okestra kubwa za Marekani ulionyesha kwamba zaidi ya robo yao walishawahi kutumia propranolol na dawa za jamii yake. Hizo ni dawa za moyo na presha, ambazo huzuia adrenalini isikutetemeshe mikono. Hao ni watu wanaolipwa mshahara kwa kupiga ala! (Na usiende kununua hizo dawa kwa duka la mtaani. Kwa mtu mwenye pumu zinaweza kuwa hatari kabisa. Hayo ni maongezi yako na daktari.) Ninachosema ni kwamba, kama kutetemeka kungekuwa dalili ya kukosa kipaji, kumbi nyingi kubwa duniani zingefungwa.

Uongo wa pili ni huo wa kutulia. Mwili ukiona macho mengi hauulizi kama ni simba ama ni shangazi zako. Unamwaga adrenalini, moyo unaenda mbio, damu inakimbilia misuli mikubwa na kuacha vidole baridi, mdomo unakauka. Huwezi kuiamuru hiyo mashine izime kwa sababu mtu amekushika bega. Mwaka 2014, mtafiti wa Harvard anayeitwa Alison Wood Brooks alichapisha majaribio ambayo kila mwalimu wa muziki angefaa kuyasoma. Waliotakiwa kuimba mbele ya mtu, na kabla ya hapo wakasema kwa sauti kwamba wana hamu na msisimko, waliimba vizuri kuliko waliosema wana wasiwasi. Kwenye jaribio la kutoa hotuba, waliojiambia wana msisimko waliwashinda waliojiambia wametulia. Maana yake ni rahisi. Moyo unaokwenda mbio ni vigumu kuuvuta mpaka usimame, lakini unaweza kuupa jina lingine. Mwili umewasha injini. Wewe amua tu inakupeleka wapi.

Uongo wa tatu ndio mtamu zaidi, kwa sababu unafanana na bidii: "Fanya mazoezi zaidi." Sawa, lakini mazoezi gani? Miezi sita bwenini ilinifundisha kupiga bwenini. Sikuwa nimejifunza hata dakika moja kupiga huku moyo unagonga mbavu. Sikuwa nimejifunza kukosea na kuendelea, kwa sababu peke yako ukikosea unarudi mwanzo. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya kurudi mwanzo mara elfu, na siku ya mtihani nikafanya hicho hicho nilichozoea.

Sasa nirudi Siaya. Nilienda kwenye mazishi, mikono mitupu. Usiku, karibu na moto, akaja mzee mmoja na nyatiti. Akakaa kwenye kigoda chake kifupi, njuga mguuni, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, ile ya kugonga mti wa ala. Akaanza. Dakika chache hivi, jamaa mmoja akainuka na noti ya mia mbili, akamsimamisha katikati ya wimbo. Akajisifu yeye, ukoo wake, na kijiji cha mama yake. Hiyo ndiyo pakruok, na kwa nyatiti si usumbufu, ni sehemu ya muziki. Watu wakacheka, mzee akaendelea. Baadaye uzi mmoja ukalegea. Akasimama mwenyewe, akaukaza polepole, akiujaribu kwa kidole, huku watu wanapiga stori na kupitisha chai. Hakuna aliyekohoa kwa aibu. Hakuna aliyeandika kitu. Alipomaliza akaingilia wimbo pale pale alipouachia.

Nikakaa pale nikijiuliza: huyu mzee ni jasiri kuniliko, ama amepewa masikio tofauti?

Nadhani ni masikio. Kwa wengi wetu tuliosomea muziki shuleni, mtu wa kwanza kutusikiliza kwa makini huwa ni jaji ama mtahini. Tunatoka chumbani, ambako hakuna anayesikia, hadi mbele ya mtu aliyelipwa kuhesabu makosa. Hakuna ngazi hapo katikati. Na ule ukimya mzito tunaodhani ndio heshima ya muziki si sheria ya Mungu. Hata Ulaya, desturi ya ukumbi kunyamaza tii ilijengeka katika karne ya 19, na wakati huo huo watu kama Franz Liszt walikuwa wakianzisha mtindo wa mpigaji mmoja kubeba onyesho zima peke yake. Huku kwetu, kwenye taarab ya Pwani, msikilizaji huinuka akacheza hadi mbele, akamtuza mwimbaji, akarudi kiti. Ala na watu wanajibizana. Mpigaji anayejibiwa hana muda mwingi wa kusikiliza hofu yake.

Utaniambia kuna muziki unaohitaji ukimya. Nakubali. Sitaki mtu aje na mia mbili katikati ya kipande cha gitaa la klasiki. Utaniambia pia kwamba yule mzee naye huenda tumbo lilikuwa joto, mimi nitajuaje? Sijui, na hapo ndipo ninapotaka kufika. Tumbo lake lingekuwa joto na wimbo ungeendelea tu, kwa sababu hakuna mtu pale aliyekuwa anamdai utulivu.

Kwa hivyo niliacha kutafuta utulivu, nikatafuta watu. Naishi ghorofa ya mwisho, Zimmerman. Juu yangu ni paa lenye kamba za nguo. Kila Jumamosi asubuhi paa linajaa: akina mama na ndoo, vijana na sneakers zao, watoto wanaokimbizana katikati ya shuka. Mwaka jana nikapanda na gitaa, nikakaa juu ya debe la rangi. Siku ya kwanza mkono ulitetemeka mpaka nikakosa nyuzi. Hakuna aliyegeuka. Siku ya tatu nikakosea tena, nikajilazimisha nisirudi mwanzo. Kabla ya kupanda nilikuwa nakimbia ngazi zote kutoka chini, makusudi, ndio nifike moyo ukiwa tayari unaenda mbio, vidole vijifunze kufanya kazi hivyo. Nilijifunza kuanza wimbo kutoka mahali popote, hata katikati, ndio nikipotea niwe na mlango wa kuingilia. Na pumzi: kuitoa polepole kuliko ninavyoivuta. Huo ndio utulivu pekee ninaouamini, kwa sababu ni kitu cha kufanya. Hakuna anayeniamuru kuhisi kitu.

Kama wiki ya tano, mama mmoja wa floo ya pili, pini za nguo mdomoni, akanigeukia. "Hiyo ya mwisho rudia." Basi. Hakuna cheti nilichowahi kupewa chenye uzito wa hayo maneno manne.

Mikono bado inatetemeka. Ningekuwa mwongo nikisema imepona. Tofauti ni kwamba siku hizi inatetemeka na wimbo unaisha.

Lakini deni si la mpigaji peke yake, na hapa naongea na nyinyi mnaosikiliza. Rafiki yako akitoa ala mbele yako kwa mara ya kwanza, weka simu chini. Ukimrekodi umemletea watu ambao hakuwaita. Usimwambie atulie. Usimwambie ajiamini, kwani umemkopesha hiyo imani? Ukipenda kipande, mwambie arudie. Akikosea, usikunje uso kumwonea huruma, na usimpigie makofi ya pole. Endelea kunywa chai yako. Na walimu, kabla hamjatupeleka mbele ya kalamu, tupelekeni kwanza mbele ya watu wanaofua.

Desemba naenda Siaya. Wiki iliyopita nilimpigia dani nikamwambia ukweli: siku ile gitaa lilikuwa zima, aliyekuwa amevunjika ni mimi, na nataka kuja kumpigia mzee wimbo wake kaburini. Akanyamaza kwa muda, nikasikia kuku nyuma yake. Halafu akauliza kama hicho kitu kinatumia stima, maana pale kaburini hakuna.

Nikamwambia hapana dani, hakitumii.