Shabiki wa Ruangwa atembee, aujue mji wake

IKIFIKA Jumamosi mchana, shabiki wa soka wa pale Ruangwa mjini ana safari moja tu, ya kutoka nyumbani hadi kibanda umiza. Analipa kiingilio, anabanana kwenye benchi na kuangalia Ligi Kuu ya England mpaka giza linaingia. Mkeka ukichanika, anarudi nyumbani kanuna. Jumapili anarudia.

Shabiki huyo ukimuuliza Anfield iko mji gani, anajibu kabla hujamaliza swali. Muulize vijana wa Nandagala wanachezea wapi, saa ngapi, na straika wao tishio ni nani, atakwambia "ngoja niulize". Nandagala iko wilayani kwake, lakini anaijua kwa kuisikia kwenye taarifa ya habari tu, kwa kuwa ndiko nyumbani kwa Waziri Mkuu wa zamani, Kassim Majaliwa.

Hilo ni tatizo la soka kabla halijawa tatizo la kitu kingine chochote, na dawa yake ni miguu. Kila wikiendi, shabiki achague njia moja ya kutokea mjini, atembee, akafike kwenye kiwanja asichokijua. Wiki hii Nandagala, wiki ijayo Mnacho, nyingine Likunja. Kama kata iko mbali, aende na bodaboda mpaka kijijini, halafu azunguke huko kwa miguu.

Wapo watakaosema hizo ni mambo ya watalii. Lakini Uingereza, nchi ambayo ligi yake inajaza vibanda umiza, kuna mashabiki wanaojiwekea lengo la kufika kwenye viwanja vyote vya klabu 92 za madaraja manne ya juu. Wengine wanamaliza maisha yao hawajafika idadi hiyo, na hawajutii. Kwa nini shabiki wa Ruangwa asiwe na hesabu ya viwanja vya wilaya yake?

Halafu kuna suala la Namungo FC. Namungo ni jina la mahali ndani ya Ruangwa, na klabu hiyo imelipeleka mbali. Ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20. Agosti 2, 2020 ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam kule Sumbawanga, ikafungwa 2-1 na Simba. Kwa kuwa Simba walikuwa mabingwa wa ligi pia, Namungo wakapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika na kufika hatua ya makundi, wakakutana na Raja Casablanca na Pyramids.

Wilaya iliyotoka katika Nachingwea na kuwa wilaya kamili miaka ya 1990 ilicheza na vigogo wa Casablanca na Cairo. Lakini hapa nyumbani, kama ilivyo mikoani kote, ikija Simba au Yanga nusu ya jukwaa inavaa jezi za wageni. Mtu hawezi kulazimishwa mapenzi, hilo linaeleweka. Ila mapenzi huanzia kwenye kujuana. Shabiki aliyemwona dogo akipiga chenga kwenye vumbi la Nandagala, siku akimwona amevaa jezi ya Namungo, atapiga kelele za kweli. Huyo hatahitaji kusubiri Yanga waje ndipo anunue tiketi.

Tena anayetembea ndiye anayeona vipaji. Hakuna klabu ya mkoani yenye hela za kulipa maskauti wa kuzunguka kila kijiji. Macho ya klabu ni mashabiki wake. Shabiki ishirini wakienda njia ishirini tofauti siku ya Jumapili, jioni yake kijiweni kuna majina ya kupeleka kwa benchi la ufundi. Wote wakikaa kibanda umiza kimoja, kijiweni kuna jina la Haaland tu.

Lakini jambo kubwa kuliko yote ni viwanja vyenyewe. Ruangwa inakua. Lami ya kutoka Nanganga imeleta magari, madini ya kinywe yameleta wageni, na korosho na ufuta vikipata bei nzuri mnadani watu wanajenga. Mji ukikua, ardhi tupu inapanda thamani, na hakuna ardhi inayoonekana tupu kama kiwanja cha mpira siku ya Jumatatu asubuhi. Dar es Salaam wanaijua vizuri hadithi hii. Muulize mtu mzima yeyote wa Ilala au Temeke akuonyeshe kiwanja alichochezea utotoni. Mara nyingi atakuonyesha ukuta na geti.

Kiwanja hakiliwi siku moja. Kwanza kinapitiwa na njia ya magari, halafu linawekwa tofali kwenye kona, halafu msingi, halafu unaambiwa mwenye eneo ana karatasi. Mtu anayepita hapo kila wikiendi ataliona lile tofali la kwanza. Asiyepita atakuja kuona paa.

Na akiliona, ana pa kulisemea. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano huo ni wa wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea. Maana yake kijana anayecheza winga pale kijijini ana kura kwenye uhai wa kiwanja chake. Wengi hawajui, au wanajua lakini siku ya mkutano hawatokei. Shabiki wa mjini hana kura huko kijijini, ila ana mdomo. Anaweza kuwakumbusha wenye kura kabla tofali halijawa nyumba.

Kuna watakaosema watu wa kusini wanatembea wiki nzima kwenda shamba, sasa wikiendi watembee tena ili iweje? Ni hoja ya haki kwa mkulima. Huyo apumzike, tena ndiye mwenyeji atakayewapokea wengine kiwanjani. Maneno haya yanawahusu muuza duka, mwalimu, mtumishi wa halmashauri na dereva, watu ambao siku yao inaanzia kwenye kiti na kuishia kwenye kiti. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Shabiki wa soka hesabu hiyo asiiogope. Dakika 90 Jumamosi na 90 Jumapili ni 180. Mechi mbili tu, na safari hii anacheza mwenyewe. Kwa mwendo wa kawaida, dakika 90 zinampeleka kilomita saba hivi.

Utaratibu si mgumu. Jua la Lindi si la mchezo, hivyo atoke asubuhi mapema au baada ya saa kumi jioni, na maji mkononi. Aulize wenyeji njia kabla ya kukatiza porini, maana tembo wamekuwa wakisumbua wakulima katika wilaya za mkoa huu. Akipita kwenye mikorosho, bibo si mali yake mpaka apewe. Akifika kiwanjani asalimie wazee kwanza, mpira baadaye. Wasichana wakiwa na mechi au netiboli, akae aangalie, asiondoke akisubiri ya wanaume.

Klabu za jogging zimeshaonyesha kwamba Watanzania wanaweza kuamka wikiendi alfajiri na kuingia barabarani kwa mamia, wakiimba. Matawi ya mashabiki wa Namungo yana watu, yana jezi na yana makundi ya WhatsApp. Kilichobaki ni mtu mmoja kuandika kwenye kundi: Jumamosi saa kumi na nusu, Nandagala, kwa miguu. Wahenga walisema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Ruangwa kuna beki wa kushoto wa kuokota huko, na kuna kiwanja cha kuokoa.