Likizo ya uzazi ughaibuni yasalia kitendawili kwa wanawake wa Kenya

KILA mwaka maelfu ya wanawake wa Kenya huabiri ndege kuelekea mataifa ya kigeni kusaka riziki. Wapo wauguzi wanaokwenda Uingereza na Ujerumani, walezi wa wazee nchini Marekani, walimu walioajiriwa Kigali na Dar es Salaam, na kundi kubwa la wafanyakazi wa nyumbani katika nchi za Ghuba. Fedha zinazotumwa nyumbani na Wakenya wanaoishi ng'ambo, wanawake kwa wanaume, zilifika takriban dola bilioni 4.9 mwaka wa 2024 kwa mujibu wa takwimu za Benki Kuu ya Kenya.

Hata hivyo, lipo suala ambalo ni nadra kutajwa katika hafla za kuwaaga wasafiri hao, au katika hotuba za viongozi wanaowamiminia sifa kwa kuinua uchumi. Itakuwaje mwanamke huyo akishika mimba akiwa kazini ugenini? Nani atamlipa katika miezi ambayo hawezi kufanya kazi? Na je, akishajifungua, ataikuta kazi yake?

Wengi huondoka wakidhani kwamba haki wanazozijua nyumbani zitawafuata waendako. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka wa 2007 inampa mwanamke likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, bila kupoteza likizo yake ya kila mwaka. Inampa pia haki ya kurudi katika kazi yake au nyingine inayolingana nayo, na inaharamisha kumfuta mtu kwa sababu ya ujauzito.

Lakini kwa kawaida haki ya uzazi haifuati pasipoti. Hufuata sheria ya nchi ambako kazi inafanyiwa, aina ya kazi yenyewe, na muda ambao mwajiriwa ametumikia au kuchangia bima. Wanawake wawili waliozaliwa kijiji kimoja na kuondoka siku moja wanaweza kupata matunzo yanayotofautiana kama mbingu na ardhi.

GHUBA: MLANGO MMOJA, WAWILI HAWAINGII

Tofauti hiyo inajitokeza bayana katika nchi za Ghuba. Sheria za leba za huko zinatambua likizo ya uzazi. Nchini Saudi Arabia, wiki 10 za awali ziliongezwa hadi 12 katika marekebisho yaliyoanza kutekelezwa Februari 2025. Katika Muungano wa Milki za Kiarabu (UAE), sheria ya 2021 inatoa siku 60, ambapo 45 za kwanza ni kwa mshahara kamili na 15 zilizosalia kwa nusu mshahara. Nchini Qatar, sheria ya 2004 inatoa siku 50 kwa mshahara kamili kwa aliyetimiza mwaka mmoja kazini.

Mhudumu wa hoteli au karani wa Kenya aliyeajiriwa na kampuni katika miji ya Dubai au Doha anaweza kudai haki hizo. Kinaya ni kwamba wengi wa wanawake wa Kenya walioko Ghuba si makarani. Ni wafanyakazi wa nyumbani, na sheria kuu za leba katika mataifa hayo matatu haziwahusu. Wamewekewa kanuni zao za kando, ambazo aghalabu huzungumzia siku ya mapumziko, likizo ya mwaka na matibabu. Siku 60 za Dubai au wiki 12 za Riyadh ni za wengine.

Isitoshe, wanawake wanaokwenda huko kwa kazi hupimwa ujauzito kabla ya safari, na anayepatikana na mimba huhesabiwa kuwa hafai kusafiri. Ujumbe unaotolewa mapema ni kwamba yaya ameitwa kulea watoto wa wengine. Akishika mimba akiwa huko, visa yake imefungamanishwa na mwajiri yule yule ambaye huenda asimtake tena nyumbani kwake.

Kwa asiyeolewa, hatari ni kubwa zaidi. Nchini Saudi Arabia, kuzaa nje ya ndoa kunaweza kumtia mama mashakani kisheria, jambo ambalo limewafanya baadhi ya wanawake kuogopa kwenda hospitalini na kujifungulia mafichoni. Mtoto hukosa cheti cha kuzaliwa, na bila cheti hapewi hati ya kusafiria. Ni kutokana na hali hiyo ambapo mnamo 2023 serikali ya Kenya ilianza kuchukua sampuli za DNA za watoto na mama zao huko ili kuthibitisha uzazi na kuwapa stakabadhi.

Watoto hao si wageni kwa Kenya. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 14, inasema mtu ni raia kwa kuzaliwa iwapo mama au baba yake ni raia, awe amezaliwa Kenya au kwingineko. Kabla ya hapo, mwanamke wa Kenya hakuweza kumrithisha uraia mtoto aliyezaliwa nje ya nchi jinsi mwanamume alivyoweza. Haki imo kitabuni. Kinachokosekana ni karatasi ya kuithibitisha.

UINGEREZA: HAKI IPO, LAKINI HAIJI YENYEWE

Hali ni tofauti kwa muuguzi aliyekwenda Uingereza, nchi iliyotia saini mkataba na Kenya kuhusu wahudumu wa afya mnamo Julai 2021. Sheria ya huko inampa mwajiriwa likizo ya hadi wiki 52. Kati ya hizo, wiki 39 zinaweza kulipwa: sita za kwanza kwa asilimia 90 ya wastani wa ujira wake, na 33 zinazofuata kwa kiwango maalumu kilichokuwa pauni 187.18 kwa wiki katika mwaka wa kifedha wa 2025/26, au asilimia 90 ya ujira iwapo hiyo ni ndogo zaidi.

Aidha, wafanyakazi wa huduma ya afya ya taifa, NHS, wana mpango bora zaidi. Aliyetimiza mwaka mmoja wa utumishi hupata wiki nane za mshahara kamili na wiki 18 za nusu mshahara, pamoja na malipo ya kisheria, kwa sharti kwamba atarudi kazini kwa angalau miezi mitatu.

Mashaka ya wahamiaji wengi hutokana na maneno yaliyoandikwa kwenye vibali vyao, kwamba hawaruhusiwi kutumia fedha za umma. Wengi huhofia kwamba kudai malipo ya uzazi kutaharibu visa. Hofu hiyo haina msingi. Malipo ya uzazi yanayotolewa na mwajiri, pamoja na posho ya uzazi inayotolewa na serikali kwa waliokosa kutimiza masharti ya mwajiri, hayahesabiwi kuwa fedha za umma kwa mujibu wa kanuni za uhamiaji. Kinachokatazwa ni misaada mingine, kama vile ruzuku ya watoto.

Mtihani uko kwenye tarehe. Ili kulipwa na mwajiri, mwanamke sharti awe amemtumikia kwa wiki 26 mfululizo kufikia wiki ya 15 kabla ya ile anayotarajiwa kujifungua, na, kwa upande wa likizo, awe amempa taarifa kufikia mwisho wa wiki hiyo hiyo ya 15. Sharti pia awasilishe cheti cha MATB1 kutoka kwa daktari au mkunga, ambacho hutolewa kuanzia wiki ya 20 ya ujauzito. Aliyewasili akiwa tayari na mimba, au aliyebadilisha mwajiri katikati ya safari, huenda akajikuta nje. Huyo anapaswa kuomba fomu ya SMP1 inayoeleza sababu za kunyimwa, na kuitumia kuomba posho ya serikali.

UJERUMANI NA MAREKANI

Ujerumani, ambayo ilitia saini mkataba wa uhamiaji wa kikazi na Kenya mnamo Septemba 2024, ina mojawapo ya mifumo thabiti zaidi. Mwanamke hupumzika wiki sita kabla ya kujifungua na nane baadaye bila kupoteza mapato yake. Bima ya afya hulipa hadi euro 13 kwa siku na mwajiri hujazia pengo. Hawezi kufutwa kwa urahisi tangu mimba inapoanza hadi miezi minne baada ya kujifungua.

Marekani, nchi inayoongoza kwa fedha zinazotumwa Kenya, ndiyo inayowashangaza wengi. Sheria ya kitaifa ya 1993 inatoa wiki 12 bila malipo yoyote, na hata hizo ni kwa waliofanya kazi mwaka mmoja na saa 1,250 kwa mwajiri mwenye watu wasiopungua 50. Walezi wengi wa wazee huajiriwa na makampuni madogo na hawafikii kizingiti hicho. Nafuu imetoka kwa majimbo. California ilianza kulipa mwaka wa 2004, na Minnesota, wanakoishi watu wengi kutoka Afrika Mashariki, ikapitisha sheria mwaka wa 2023 ya kuanza malipo Januari 2026.

FUNZO LILILO KARIBU

Kenya haihitaji kuvuka bahari kutafuta funzo. Rwanda ilianzisha bima ya uzazi mwaka wa 2016, ambapo mwajiri na mwajiriwa huchanga kila mmoja asilimia 0.3 ya mshahara, na mfuko wa taifa ukabeba sehemu ya malipo ya likizo. Mwalimu wa Kenya anayefundisha Kigali na kuchanga humo anafaidi mpango ambao mwenzake aliyebaki Nairobi hana.

Nchini Kenya, mzigo wote wa mshahara wa likizo uko mabegani mwa mwajiri. NSSF haina malipo ya uzazi, nayo bima ya afya ya jamii iliyoanza Oktoba 2024 hugharamia hospitali, si mshahara uliopotea. Kwa hivyo, mwanamke aliyefukuzwa Ghuba akiwa mja mzito hurudi nyumbani mikono mitupu, hata kama alituma pesa kwa miaka mitano.

Ni kweli kwamba Kenya haiwezi kuzitungia nchi nyingine sheria. Hata hivyo, silaha moja ingali kwenye ala. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka ofisa wa leba kutoidhinisha mkataba wa kazi ya nje ya nchi hadi aridhike kwamba masharti yake yanaafikiana na sheria hiyo na kwamba mwajiriwa ameyaelewa. Iwapo miezi mitatu ya likizo ya uzazi ni sehemu ya sheria hiyo, yafaa maofisa waulize ni kwa nini mikataba ya mayaya hupigwa muhuri bila kutaja uzazi hata kwa mstari mmoja.

Hoja inayotolewa na maajenti ni kwamba masharti makali yatawafanya waajiri kukimbilia wafanyakazi wa mataifa mengine. Hoja hiyo ina uzito, kwani nchi zinazotuma wafanyakazi zinashindania soko moja. Lakini hata mkataba usiotoa mshahara wa miezi mitatu unaweza kutaja matibabu, tikiti ya kurudi, malipo yaliyolimbikizwa na uandikishaji wa mtoto. Hayo si makuu mno kudai kwa mtu aliyelea watoto wa wengine.

Kwa anayepanga safari, busara ni kuuliza kabla ya kutia saini: kazi hii iko chini ya sheria ipi, likizo huanza kudaiwa baada ya muda gani, na taarifa hutolewa lini? Ahadi ya mdomo ya ajenti haina nguvu katika mahakama yoyote. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini gharama yake haipasi kuwa siri ya mama peke yake, ilhali faida ya jasho lake huhesabiwa na taifa zima.