Mnyamapori akijeruhiwa mpakani tumpigie nani?



Natoa kilio cha sisi tunaoishi kati ya Busia na Tororo.

Tangu Februari 2018 Busia ina kituo rasmi cha pamoja cha mpakani. Maofisa wa Kenya na Uganda hukaa chini ya paa moja, na lori la mizigo husimama mara moja tu. Lakini mnyamapori akijeruhiwa huku mpakani, hajulikani ni wa ofisi gani.

Majuzi tumbili dume, mkubwa, aligongwa na trela karibu na Malaba. Mguu wa nyuma ulivunjika. Akajikokota hadi mtaroni, akaketi amekenua meno. Umati ukajaa. Wapo waliomrushia mawe, wapo waliomrushia ndizi. Kijana wa bodaboda alijaribu kumfunika kwa gunia ili ambebe, akang'atwa kidole gumba, na wenzake wakammwagia petroli kwenye kidonda. Nilipiga simu ofisi moja, nikaelekezwa upande wa pili wa mpaka. Huko nako nikajibiwa kwamba hilo si eneo lao. Jua halijatua, tumbili alikuwa ameuawa kwa marungu.

Vijana wale siwalaumu, maana hakuna aliyewaelimisha. Mnyamapori aliyeumia humwona kila anayemsogelea kuwa adui, hata anayetaka kumsaidia. Watu na mbwa warudi nyuma, kelele zikome, asifungwe kamba wala asilishwe chochote. Mmoja amtazame kwa mbali asipotee, mwingine atafute msaada. Aliyeng'atwa au kuparuzwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kuulizia chanjo. Kichaa cha mbwa hakiambukizwi na mbwa pekee, na dalili zake zikishajitokeza ni vigumu mno mtu kupona.

Kwa ndugu zetu wa Budalang'i na Sio Port, kule Ziwa Victoria, nasema pia: kiboko mgonjwa au aliyejeruhiwa si kitoweo. Mwaka 2004 na 2005 kimeta kiliua mamia ya viboko katika Hifadhi ya Queen Elizabeth nchini Uganda, na ugonjwa huo humpata binadamu anayechuna au kula mzoga. Isitoshe, sheria za wanyamapori, ya Kenya ya 2013 na ya Uganda ya 2019, zinakataza kuua mnyamapori kwa ajili ya nyama bila kibali.

Ombi langu kwa Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya, KWS, na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, UWA, ni hili. Kubalianeni ni nani anayeitikia wito wa kwanza katika ukanda huu, bila kujali mnyama ameangukia upande upi. Wekeni mabango ya namba za simu za bure pale Busia, Malaba na Tororo, kwa Kiswahili, Kiteso, Kisamia na Kijopadhola. Wafundisheni polisi wa barabarani na viongozi wa bodaboda, kwa sababu wao ndio hufika kwanza.

Mizigo imepata utaratibu wa pamoja. Wanyama, na watu wanaoumizwa nao, wanastahili utaratibu huo pia. Tunasubiri majibu yenu.

Mkazi wa Malaba,
Kaunti ya Busia