Samaki Wakifa, Tusianze Kubishana Upya

Machi 2022 nilikuwa nyumbani Nyasura, Bunda, habari zikaingia kwamba maji ya Mto Mara yamegeuka meusi na samaki wanaelea wamekufa. Mto ule haupiti kwetu, lakini samaki wake wanafika popote penye soko. Mama alimshika sato, akamgeuza, akauliza, "Huyu wa Mara au wa Kibara?" Muuzaji akaapa ni wa Kibara. Siku hiyo kila samaki sokoni alikuwa wa Kibara!

Serikali iliunda kamati chini ya Profesa Samwel Manyele. Kamati ikapima, ikaja na jibu: kinyesi na mkojo wa mifugo, pamoja na mimea iliyooza, vimemaliza oksijeni majini. Watu wakacheka. Kwani ng'ombe wameanza kunya jana? Wengi walishanyooshea kidole migodi. Hadi leo mada hiyo ikiibuka kijiweni, chai inapoa.

Sitaki kuamua ugomvi huo. Ninachosema ni kwamba tulibishania sampuli zilizochukuliwa samaki wakiwa wameshakufa. Ni sawa na kumpima mtu homa akiwa mochwari.

Tazama upande wa Kenya, mto huohuo. Mwaka 2018 watafiti walichapisha katika jarida la Nature Communications kwamba kinyesi cha viboko zaidi ya 4,000 hurundikana kwenye madimbwi ya mto. Maji yakijaa ghafla na kukisukuma, oksijeni hushuka na samaki hufa. Hoja yao ilisimama kwa sababu walikuwa na vifaa majini vinavyopima mfululizo. Waliweza kuonyesha maji yalijaa lini na oksijeni ikashuka lini.

Vifaa vya namna hiyo ni ghali, kweli. Lakini dunia inabadilika. Saudi Arabia, watafiti wa KAUST wamechapa vihisi na antena kwa wino unaopitisha umeme, vikawa rahisi kiasi cha kuweza kusambazwa vingi na kutupwa vikichakaa. Jirani hapa Makerere, mradi wa AirQo ulioanza 2015 unaunda vipima hewa vya bei nafuu vinavyostahimili vumbi na joto letu. Vingine vimefungwa kwenye bodaboda. Hawakusubiri msaada wa mashine za Ulaya.

Tuwe wakweli: kupima oksijeni majini kwa bei rahisi bado ni kazi ngumu. Ila joto, tope, na uwezo wa maji kupitisha umeme vinapimika kwa vifaa ambavyo mwanafunzi anaweza kuviunda. Chumvi au mkojo ukiingia mtoni kwa wingi, umeme hupita kirahisi zaidi. Kipimo kimoja hakitakutajia mkosaji. Lakini ukiwa navyo kumi, kutoka juu hadi daraja la Kirumi, utaona kipi kilishtuka kwanza, saa ngapi. Hapo unajua pa kwenda kuchukua sampuli, tena mapema.

Sasa sisi tunafanya nini? Kundi letu lilitengeneza kihisi cha maji kwa ajili ya projekti. Tukakitumbukiza kwenye ndoo, kikasoma vizuri, tukapigiwa makofi, tukapewa alama. Leo kiko stoo, juu ya wenzake wa miaka iliyopita. Hakijawahi kuonja maji ya mto. Na mwaka huu kuna kundi linaanza upya kabisa, kana kwamba hatukuwahi kuwepo.

Napendekeza serikali yetu ya wanafunzi iombe jambo moja: projekti za vihisi zirithishwe. Mwaka mmoja uunde, unaofuata uweke mtoni, mwingine urekebishe. Tushirikiane na vikundi vya wavuvi vya BMU, kwa sababu kihisi kisichofutwa tope na ukoga kitaanza kusema uongo ndani ya wiki chache, na wao ndio wako majini kila siku. Na takwimu ziwe wazi kwa wote: mvuvi, mfugaji, mgodi, bonde la maji. Zikifungiwa kwenye kompyuta ya ofisi, tumerudi kulekule kwenye kucheka na kununa.

Mama bado anauliza samaki katoka wapi. Muuzaji bado anaapa. Mimi nilisomeshwa ili siku moja nimpe mama jibu lisilohitaji kiapo.