Ukija Kuiona Ujiji, Lala Ujiji

KUTOKA ZIWANI, na Bint Manyema

Shemeji yangu wa Dar amekuja wiki hii. Alikuwa amenipigia simu: "Shemeji, safari hii nakuja kuiona Ujiji yenyewe, historia na watu wake." Nikamlipia chumba kwenye gesti moja Ujiji, hatua chache kutoka sokoni, neti haina tundu, na mama mwenye nyumba anapika mgebuka mwenyewe.

Nampokea stesheni, hata salamu hazijaisha, ananiambia kashachukua chumba hotelini Kigoma, penye bwawa la kuogelea. Bwawa! Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu meta 1,470, duniani limezidiwa na Baikal tu, na mtu analipa aoge kwenye beseni la vigae. "Ujiji nitakwenda na kurudi, shemeji. Si hapo tu?"

Akaenda mara moja, saa saba mchana, jua la utosi, teksi ikimsubiri. Akaingia makumbusho ya Livingstone, akajipiga picha chini ya mwembe, akanywa soda, akaondoka. Jioni naona kaandika mtandaoni: "Ujiji nimeimaliza." Nilitafuta tusi la heshima, sikulipata.

Umemaliza nini, baba? Saa saba mchana Ujiji imejipumzisha. Ungeamka huko alfajiri ungeikuta mitumbwi ikirudi na dagaa, taa za wavuvi zikizimwa, akina mama wakigombea ndoo ufukweni. Ungekaa hadi baada ya magharibi, ungenyweshwa kahawa chungu barazani na wazee wanaobishana ni babu wa nani aliyetangulia kuvuka kutoka Kongo. Mabishano hayo hayaishi kwa muda wa teksi kusubiri.

Hata hao Wazungu aliokwenda kuwapiga picha walikuwa na adabu kuliko yeye. Wapelelezi Burton na Speke walipofika mwaka 1858, walikaa Ujiji. Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, wakakaa kibarazani hapo hapo wakapiga soga. Kigoma imekua kwa sababu Mjerumani alitaka bandari ya kuunganisha na reli yake, iliyofika mwaka 1914. Alichagua mahali pa kufunga meli, nasi tukadhani kachagua mahali pa kulaza wageni. Tangu hapo, ukiuliza stesheni, unajibiwa bila haya: "Ujiji hakuna pa kulala." Anayekwenda kuiona Lamu halali Mokowe, gatini pa kuvukia.

Najua mtaniambia maji ya moto, jenereta, upepo wa mlimani. Anayekwenda kuona sokwe Gombe alale Kigoma, boti zinaondokea Kibirizi, sina ugomvi naye. Sokwe hawana baraza.

Nanyi wenye gesti za Ujiji msicheke sana. Bandikeni bei ukutani, badilisheni mashuka, na mkome kumtoza mgeni kwa kumtazama viatu.

Wewe msomaji unayepanga likizo, ukishuka kwenye treni panda daladala ya Ujiji na begi lako mkononi, lala huko japo usiku mmoja. Ukiona huwezi, hakuna atakayekulaumu, ila andika ukweli: umeitembelea Kigoma.