Kabla ya kununua kadi ya kompyuta, fungua kasha kwanza

Familia nyingi zinazomnunulia mtoto kompyuta ya mezani huchukua ya mtumba, iliyokwisha kutumika ofisini. Bei yake inavumilika. Shida huja baadaye, mtoto anapolalamika kuwa picha zinakwamakwama. Baba wa Mikumi anapanda basi kwenda Morogoro, ananunua kadi ya picha, anarudi nayo nyumbani, na kadi haiingii. Nauli imekwenda, na kurudishiwa fedha dukani ni bahati.

Ndani ya kasha (lile ambalo mtaani huitwa CPU, ingawa CPU yenyewe ni kidude kilichojificha chini ya feni) kuna mazabodi, na juu yake kuna sloti, yaani vijinafasi virefu na vyembamba vya kuchomekea kadi za ziada.

Watu wa Kilosa wataelewa upesi, maana kwao kuna reli mbili. Ya zamani ina upana wa milimita 1,000, SGR ina 1,435, na behewa la moja haliwezi kutembea kwenye nyingine. Sloti ziko vivyo hivyo. Ile ya PCI, iliyoanza mwaka 1992, haipokei kadi ya PCI Express iliyotoka mwaka 2003, na kinyume chake.

PCI Express nayo ina saizi. Fupi kabisa, x1, ina urefu wa kama sentimita 2.5, ndefu, x16, inakaribia 9. Kadi fupi huingia kwenye sloti ndefu na kufanya kazi bila tatizo. Kadi ndefu haiingii kwenye sloti fupi iliyozibwa mwishoni, na kulazimisha ndiko kunakovunja vitu.

Zaidi ya sloti, kuna kimo. Makasha mengi ya ofisini ni membamba, hivyo kadi ya kawaida itazuia kifuniko kufunga. Zipo kadi za kimo kifupi. Kisha umeme: sloti ya x16 hutoa wati 75 tu. Kadi inayokula zaidi ya hapo inahitaji waya wake kutoka pawasaplai, na nyingi za mtumba hazina waya huo. Muuzaji asiyejua wati za kadi yake ni wa kuachwa.

Dawa ni kupiga picha sloti kwa simu na kwenda nayo dukani. Kabla ya kufungua, waya uchomolewe ukutani, kisha mfunguaji aguse chuma cha kasha ili umeme tuli wa mwilini usiunguze vifaa. Vumbi lipulizwe nje, kwa barakoa, watoto wakiwa mbali, hasa mwenye pumu. Pawasaplai isifunguliwe kamwe. Huweka umeme hata baada ya kuchomolewa.

Na kama kinachotakiwa ni waifai tu, kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye USB kinatosha, na kasha likabaki limefungwa.